Betri Isiyoingia Mfukoni

Polikarp Mbawala,
Fundi Cherehani,
Mjimwema, Songea.
11 Juni 2025

Meneja,
Wasambazaji wa Kifaa cha Kuhifadhia "Mfukoni",
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UKUBWA WA BETRI YENU NA KUDHALILISHWA KWA MFUKO

Kwa kawaida kichwa cha barua hujieleza. Lakini nawaandikia watu ambao hata neno "mfukoni" limewashinda, kwa hiyo nitaeleza polepole, na kwa heshima zote.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona mifuko kwa miaka ishirini na sita: ya suruali, ya makoti, ya sare za shule, ya maaproni ya mama lishe. Kifaa chenu nilikinunua mwezi wa pili kwa sababu moja tu. Mdogo wangu Fidelisi, aliyekuwa mwalimu wa kwaya hapa parokiani, alifariki mwaka juzi. Sauti yake ilibaki imetawanyika kwenye simu za wanakwaya, mpaka katibu wao, Noela, alipozikusanya rekodi zote, mia tatu na kumi na mbili. Simu yangu haikuweza kuzibeba. Boksi lenu lilisema kifaa kinatunza nyimbo na video, kinazirusha kwenye simu bila waya, kina betri yake yenyewe, na kinaingia mfukoni. Mama yetu, Bibi Esteria, yuko Lusewa, ana miaka themanini na moja na macho yake hayaoni tena. Nilimwahidi kumpelekea sauti ya mwanaye.

Sasa malalamiko.

1. Nilikipima kifaa kwa futi yangu ya kazi. Urefu inchi saba, upana nne na nusu, unene mbili kasoro kidogo. Mfuko wa shati la mtu mzima ni inchi nne na nusu kwa tano na nusu, na unene wake ni wa kalamu na kitambulisho. Mfuko wa suruali unakipokea kwa kulazimishwa, lakini baada ya hapo mwenye suruali hawezi kukaa, na akisimama, suruali haisimami naye. Nilijaribu kwa suruali yangu mwenyewe mbele ya wateja wawili, kwa hiyo mashahidi wapo. Naomba kujua: mlipima mfuko wa nani?

2. Jirani yangu Sharifa, anayeuza mchele, alikiweka kwenye mzani wake. Kilo moja na robo. Akaniuliza kama nataka kwenda kukikoboa.

3. Nilimpelekea Remmy, fundi simu, akakifungua mbele yangu. Sehemu inayotunza nyimbo, yaani ile kazi niliyokinunulia, ni ndogo na nyembamba kama sabuni ya gesti. Kilichobaki chote ni betri. Betri juu, betri chini. Ndugu Meneja, mteja akiniletea kitambaa cha shati, simrudishii shati lenye godoro mgongoni na kumwambia ni kwa ajili ya kupumzika akichoka. Angenipeleka kwa mtendaji wa mtaa, na angekuwa na haki.

4. Betri hiyo kubwa haitulii. Ikifanya kazi kwa saa moja inapata joto kama kuku anayeatamia. Nilikiweka juu ya meza ya kukatia, nikakuta paka wa Sharifa amelala juu yake. Ndiye mteja pekee aliyeridhika nacho mpaka leo.

5. Boksi linajisifu kwamba kinachaji pia simu. Nani aliwaomba? Simu nachaji kwenye soketi, kama binadamu wengine.

6. Mwezi wa nne nilisafiri kwenda Tunduru kupima nguo za wasimamizi wa harusi, nikakichukua kifaa ili nisikilize njiani. Kwa kuwa mfuko ulikikataa, nilikifunga kwenye kipande cha khanga nikakikumbatia kifuani. Ninyi wa Dar es Salaam huenda hamjui, lakini mtu anayekwenda Tunduru amekumbatia kitu kidogo kizito kilichofungwa kwenye khanga haulizwi amebeba nini. Watu wanajua ni vito vya machimboni. Abiria wa pembeni yangu alianza kuniita bosi kabla hatujafika Namtumbo, akaninunulia soda na mahindi ya kuchoma. Stendi ya Tunduru wanaume watatu walinifuata kwa adabu kubwa, wakaniomba wauone mzigo japo kwa dakika moja tu. Nilifungua khanga. Niliwawekea hata wimbo wa kuingilia misa, ili wapate maelezo kamili. Sijawahi kutazamwa kwa dharau kiasi kile, na mimi nimewahi kuchelewesha suti ya bwana harusi.

7. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonishikisha kalamu. Baada ya aibu ya Tunduru, nilikwenda Lusewa wakati wa Pasaka bila kifaa. Kutoka Namtumbo ni pikipiki, njia ina mashimo, na mimi nilikuwa na begi la nguo za watu. Mama alinisikia nashuka, akaniuliza, "Umemleta?" Hakusema umekileta. Alisema umemleta. Nikamjibu kwamba ni kizito mno. Mwezi wa tano nilikwenda tena bila kukibeba, akauliza vilevile, nikajibu vilevile. Aliniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo hesabu ya lawama iko wazi. Mama amekosa sauti ya mwanaye kwa sababu mimi sikuibeba. Mimi sikuibeba kwa sababu ni nzito. Ni nzito kwa sababu ya betri. Na betri mliiweka ninyi. Mimi kwenye mnyororo huo sionekani popote.

Naomba yafuatayo yatekelezwe ndani ya siku kumi na nne:

(a) Betri ipunguzwe robo tatu, nami nitumiwe kifaa kipya chembamba.

(b) Neno "mfukoni" liondolewe kwenye boksi, na mafundi cherehani wote nchini waombwe radhi.

(c) Ikishindikana, nitumieni suruali ya mhandisi aliyekipima, nione ilishonwa na nani. Mhandisi mwenyewe aje nayo, ambebee mama yangu kifaa mpaka Lusewa, na akifika amweleze uso kwa uso kwa nini mwanaye amechelewa.

Wasalimieni wafanyakazi wote wa ofisi, mlinzi wa getini, na yule aliyeandika maneno ya kwenye boksi, ambaye naamini huvaa shuka.

Wako katika ushonaji wa taifa,

Polikarp Mbawala

Nyongeza, Jumatatu tarehe 16, bahasha ikiwa bado wazi:

Alhamisi dada yangu Kasiana, anayeishi na mama, alinipigia simu. Alisema kama nakuja tena mikono mitupu, nisije. Nikakibeba.

Lusewa umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na mawingu yalikuwa mazito hata sola haikuchaji. Simu ya Kasiana ilikuwa inakata roho. Kifaa chenu kiliichaji huku kikiirushia nyimbo. Tulianza baada ya chakula cha mchana tukamaliza kuku walipoingia bandani, na kwenye zile taa zenu nne za kuonyesha chaji, mbili zilikuwa bado zinawaka.

Mama alikipakata. Huku kwetu Juni ni baridi, na mikono yake humuuma. Aliiweka yote miwili juu ya betri na hakuiondoa. Kuna rekodi ambayo Fidelisi anakohoa, halafu anawaambia, "Besi, mmelala." Mama alicheka, akataka irudiwe. Tuliirudia mara tisa. Mimi nilitoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Wakati wa kuondoka nilinyoosha mkono kukichukua. Nikamwambia kwamba nimewaandikia, mtaleta kingine chepesi. Akasema chepesi hakitaki, akikiweka chini hatajua kama kipo. Hiki, alisema, anajua kipo. Hakunirudishia.

Kwa hiyo malalamiko namba 1 hadi 6 yafuteni. Namba 7 iacheni, ila kwenye hesabu ya lawama, palipoandikwa "ninyi" someni "mimi". Betri msiipunguze hata kidogo. Kwaya inataka kifaa kingine, naomba kiwe kilekile, chenye uzito uleule, Sharifa atakipima.

Suruali ya mhandisi msitume. Jana nimemshonea mama mfuko wa kuvaa shingoni, inchi saba na nusu kwa tano, unene mbili, mishono miwili kila upande, kwa kitambaa kilichobaki nilipomshonea Fidelisi joho la kwaya. Neno la kwenye boksi liacheni hapohapo lilipo. Kinaingia.