Risasi ya Chini Kabisa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeficha kitu. Basi, nimeandika. Bastola niliirudisha polisi mwaka juzi kwa heshima zote, hata chai nikapewa. Magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, niliwaambia imepotea. Haikupotea. Ilikuwa ndani ya bati la vifungo la marehemu mke wangu, chini ya vifungo vya makoti, imejaa risasi.

Jana binti yangu alikuja kunipangia nguo. Akatafuta kifungo cha shati. Alikipata, na mengine akayapata.

Sijasomewa vile tangu nikiwa mwanafunzi! Alisema Jumamosi anakuja na gari kunichukua nikakae kwake. Chumba kiko tayari, dirisha linatazama bustani, na wajukuu wameshaanza kugombana nani atalala karibu na babu. Lakini ana watoto wadogo nyumbani. Atalifungua bati lile kwa mkono wake mwenyewe, na akikuta hata risasi moja, atageuza gari. Ana macho ya mama yake. Atageuza kweli.

Daktari wa moyo amenishauri nisijipangie mambo ya mwakani. Nakitaka kile chumba. Nataka kufia penye kelele za watoto.

Sajini, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa mtunza silaha wa klabu yetu ya shabaha enzi hizo. Kajitolea kuipeleka kituoni. Huko wanataka magazini tupu, risasi kwenye bahasha. Akaninyoshea kidole gumba chake, kinene kama gunzi la hindi, akasema nimpe amalize sasa hivi. Nikakataa. Akacheka mpaka akakohoa. Eti mwalimu wa jiografia anajua risasi zinakokwenda, hajui zinakotokea.

Mshenzi!

Nilijaribu baada ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe si kazi: unaishika magazini kwa mkono mmoja, unaisukuma risasi ya juu kwenda mbele kwa kidole gumba, inateleza. Basi. Springi ikanicheka. Vidole vyangu vimekuwa mizizi ya tangawizi. Haikutoka hata moja.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Akili nyingi huondoa maarifa, walisema. Waongo. Leo nimetumia akili.

Mpango wa kwanza: mpini wa kijiko. Kijiko kiliruka, kikaangusha dawa zangu za mchana, kikajificha chini ya kabati. Kiko hukohuko. Kuinama si kazi ya leo.

Mpango wa pili: kuloweka mikono kwenye maji ya moto ilainike. Ikalainika kupita kiasi. Magazini nusura itumbukie kwenye beseni.

Mpango wa tatu: penseli, upande wa kifutio. Ushindi! Maisha yangu yote darasani, na leo ndiyo kwanza kifutio kifanye kazi ya maana. Ya kwanza ilitoka kwa maumivu, nikatamka neno ambalo mwanafunzi angelitamka ningemwita mzazi wake. Ya pili afadhali. Kadiri zinavyopungua ndivyo springi inavyolegea. Hadi saa ya chai zilikuwa saba mezani, zimesimama wima kama watoto wa dawati la mbele.

Imebaki moja. Ya chini kabisa. Imekwama.

Mke wangu asingehitaji penseli. Mashindano yakiisha, mimi nilikuwa napeana mikono na watu, yeye kando ananitolea risasi zilizosalia. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mwalimu, ndivyo alivyokuwa akiniambia huku ananipokonya magazini. Alikuwa na kidole gumba cha fundi cherehani, chenye sugu ya sindano. Tak, tak, tak. Haangalii hata. Anapiga soga na wake wa wenzangu, risasi zinamdondokea kwenye sketi kama anayepukuchua mahindi. Nyumbani ndiye aliyezitia tena. Watu walinisifu jicho langu. Hakuna aliyekisifu kidole chake.

Nimekaa naye jioni nzima. Na bati, namaanisha.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Bado imekwama. Mpango wa nne: huruma. Binti yangu akisikia nilivyohangaika, huenda akaisamehe hiyo moja. Na kwa kusikika, hakuna kama mama wa ghorofa ya juu. Yule ni redio, tena ya masafa marefu.

Nilimpigia simu. Silaha haitajwi kwenye simu, kwa hiyo nilimwambia kwa fumbo tu kwamba magazini imenielemea, natafuta mtu mwenye mikono. Akanipa pole nyingi. Akasema niachie yeye, mzee wangu.

Haikupita muda akabisha hodi bwana mmoja mwenye mizani na gunia. Mnunuzi wa magazeti makuukuu! Akaniuliza magazini yenyewe, yale ya kusoma, yako wapi, maana ameambiwa yamemzidi mzee nguvu. Nilipotaka kumweleza, akili ikaniambia: utamweleza nini? Nikaona haya kumrudisha mikono mitupu. Ameondoka na majarida yangu yote ya jiografia, pamoja na lile lenye makala yangu kuhusu mmomonyoko wa udongo. Vitu vinamomonyoka.

Mikono yake ilikuwa na nguvu kweli. Sikumwomba.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Binti kapiga simu, furaha tele. Redio imemtangazia kwamba Baba anagawa makaratasi yake, anajiandaa kuhama. Kasema ananionea fahari. Kisha akashusha sauti, akauliza na kile kitu je? Nikajibu imebaki kidogo. Akauliza kidogo ndiyo nini, Baba? Nikasema simu inakatika. Simu haikuwa inakatika.

Mchana akaja Sajini na kijidude cha plastiki, cha kuvisha juu ya magazini na kusukumia risasi. Alikishika kama mtu aliyeleta dawa ya kufufua wafu. Nikamwambia sikihitaji, saba zimetoka, moja tu imekwama.

Sajini akanitazama. Akasema amezitunza silaha ujana wake wote na hajaona ya mwisho ikikwama. Ya mwisho ndiyo laini kuliko zote, springi imeshaishiwa, ukipiga chafya inatoka. Nikasema labda ni kutu. Akauliza kutu gani, ndani ya bati la vifungo, kavu kuliko jicho la sanamu? Akanyosha mkono aione.

Nikaikalia.

Ndiyo. Mtu mzima, mwenye shahada, nimeikalia magazini kama kuku. Sajini akasema Mwalimu, utaangua nini hapo? Sitaki kidole chake mahali hapo. Enzi za klabu alikuwa akimwambia mke wangu kwamba ameolewa upande usio wake wa uwanja, wake ni wa watunza silaha. Mke wangu alicheka. Alicheka zaidi ya ilivyostahili mzaha wenyewe. Sijasahau.

Risasi zile alizitia yeye, Ijumaa, kwa mashindano ya kesho yake. Kesho yake hakuamka vizuri, na wiki haikuisha akafariki. Inayoingia kwanza ndiyo inayotoka mwisho. Ile ya chini ndiyo aliyoanza nayo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sajini kaja asubuhi amevaa koti, tayari kwenda kituoni. Nikaingia chooni na magazini, nikafungua bomba, nikakohoa kwa nguvu. Nilipotoka ilikuwa tupu. Nikamkabidhi, pamoja na bahasha.

Akazimwaga mezani, akazihesabu kwa midomo. Saba. Magazini ni ya risasi nane. Akaiinua kwenye mwanga, akaingiza kidole chake kinene, akasikiliza springi ikirudi. Kisha akanitazama macho, halafu mfuko wa shati langu, halafu macho tena. Nilijua nimekwisha. Niliona gari likigeuka.

Akasema anakumbuka vizuri, mama yule hakuwa anajaza. Alikuwa anatia saba tu, springi isichoke. Ndivyo atakavyowaeleza kituoni wakiuliza.

Uongo mtupu! Mke wangu alijaza kila kitu mpaka juu, magazini, vikombe, masanduku. Sajini anajua. Alikuwa anasimama karibu kuliko nilivyopenda.

Mlangoni aligeuka akasema alikuwa na kidole, yule. Sauti yake haikuwa nzuri. Nikampa kitambaa changu. Akakikunja vizuri akaondoka nacho, mwizi mkubwa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Binti amefika mapema. Amelimimina bati lote kitandani. Vifungo, vifungo, kipande cha mshumaa, vifungo. Akavipangua mpaka cha mwisho. Kisha akanikumbatia, akalia, akaomba radhi kwa kunisemea maneno makali. Nikamwambia yamekwisha, mama. Akarudisha vifungo batini, akaniwekea mapajani tusafiri nacho kitu cha mama. Sasa tuko garini, wajukuu wako nyuma wanapiga kelele. Naandikia gotini, herufi zinaruka na barabara.

Ameniuliza mbona nimevaa miwani ya kusomea njia nzima. Nimesema naangalia mandhari. Ukweli ni kwamba kasha la miwani lina mpangaji, ile ya nane. Binti anasema kitanda changu kipya ni cha mabomba ya chuma. Miguu ya bomba ni mitupu ndani, ina vifuniko vya mpira. Penseli ya kuisukumia humo ninayo.

Limebaki jambo moja, niliandike kabla moyo haujaniwahi. Haikukwama. Jumanne ileile, chai haijapoa, niliigusa kwa kidole cha mwisho ikatoka bila ubishi. Mimi ndiye niliyeirudisha, kwa kidole gumba, palepale mke wangu alipoweka chake.