Mbuzi Tatu Ndani ya Deki

Naapa kwa meno yangu yote mawili yaliyobaki: haya yalitokea hapa Migwani, mwaka wa 1993, na anayebisha aende akamuulize mbuzi.

Tulikuwa kwa hoteli ya Mutie, tunayemwita Waziri kwa sababu ya tumbo. Alikuwa anatusomea gazeti.

"Wajapani wana televisheni ya picha safi ajabu! Ati unaona mpaka vinyweleo vya mtangazaji."

"Wamechelewa," nikasema. "Mimi nimeunganisha deki mbili kwa waya pale nyumbani, nikakata na kupanga video ya ntheo, zile mbuzi za kuposea, ya kijana wangu. Ukiitazama unasikia harufu ya mbuzi."

"Injinia ameanza!" akacheka Gabow, mnunuzi wa mifugo. Yeye ni Mizani: anajua kilo za mbuzi kwa macho tu.

Hapo akaingia mkwe wangu Muthama, ametoka Mbooni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Salamu hakuna.

"Injinia, ntheo ni mbuzi tatu. Ulileta moja, ukasema zingine ziko njiani. Mwaka mzima! Kwani zinatembea kwa magoti? Leo narudi na binti yangu Nthenya. Bila ntheo hajaolewa, amewatembelea tu."

Nthenya ndiye pekee anayechemsha isyo, mahindi na maharagwe, mpaka yakubaliane na meno yangu.

"Mkwe, umesahau, ni uzee. Nilileta tatu. Ushahidi uko kwa video."

Nikaleta kanda na deki moja. Waziri akawasha televisheni kwa betri ya lori. Geti la Muthama likatokea. Mbuzi mweusi akaingia. Muthama wa kwenye video akapiga chafya. Mbuzi mweusi akaingia. Chafya. Mbuzi wa tatu. Chafya.

Muthama akashika kichwa. "Aiya! Kwani siku hiyo nilikuwa nimelewa?"

"Pole, mkwe. Lakini ona picha ilivyo safi! Hata kupe unahesabu."

"Nimehesabu," akasema Gabow. "Rudisha nyuma, mzee. Simamisha hapo. Sikio la kushoto limepasuka. Wa pili, limepasuka palepale. Wa tatu vilevile. Wacha hizo! Huyu ni mmoja, nilikuuzia mimi. Kilo kumi na nane, mkorofi."

"Ni mapacha watatu."

"Na huyo kuku mwekundu anayepita nyuma kila mara?" akauliza Waziri. "Naye ana mapacha?"

"Na chafya zangu?" akanguruma Muthama.

Nikainua kikombe nikanywa. Kilikuwa kitupu.

Jumamosi nilipanda milima ya Mbooni nikivuta mbuzi wawili, kamera begani, Waziri na Gabow nyuma yangu kama askari jela. Muthama akatusimamisha getini, akazikagua zile mbuzi sikio kwa sikio.

"Zifunge kamba moja," akasema, "ziingie pamoja, nizione pamoja. Na hiyo kamera iache nje."