Malalamiko Kuhusu Ubongo wa Mama Kujifunza Kupita Kiasi

Ndugu Daktari wa Mishipa ya Fahamu,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni yule dobi aliyelia kwenye benchi lako siku mama alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala na maneno yakaanza kumtoka yamechanganyika. Siku ile nilikuomba unirudishie mama kama alivyokuwa. Leo naandika, kwa heshima zote, kulalamika kwamba umepitiliza.

Somo lako sijalisahau. Ulinichorea seli ya neva, ina matawi upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili. Ukasema umeme mdogo hukimbia kwenye mkia ule, na ukifika mwisho hukuta mwanya. Hapo seli hurusha kemikali kidogo ng'ambo, jirani yake akaipokea na kupeleka habari mbele. Seli zilizokufa hazifufuki, ulisema, ila jirani zake zinaweza kufundishwa kazi ya marehemu, mradi zisumbuliwe kila siku. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Laiti ningeuliza atakayesumbuka ni nani.

1. Soksi. Uliagiza mkono wa kushoto, ule mzima, ufunikwe ili wa kulia usipate wa kumtegea. Nikauvika soksi nene ya mteja aliyeitelekeza dukani. Juzi mteja kaja. Mama kagoma kuivua, na kwa kuwa maneno bado hayajakaa sawa, alimweleza kwamba soksi yake imelazwa hospitali. Yule bwana akanipa pole, akaondoka na moja.

2. Vifungo. Ulisema vidole vipewe kazi ndogondogo, na kwa dobi kazi ndogo ni vifungo. Mwanzoni kifungo kimoja kilimaliza asubuhi nzima, nami nilijifanya natazama nje ili asinione machozi. Sasa hakuna shati linalotoka dukani bila kufungwa vyote, mpaka vya mikononi. Amemaliza mashati, amehamia kwenye foronya, na jana alinifunga koti nikiwa nimelivaa. Kuna bwana harusi aliyechelewa kanisani akipambana na shati lake mwenyewe.

3. Uti wa mgongo. Siku moja mkono ule wa kulia uligusa pasi ya moto, ukaruka wenyewe kabla mama hajajua kumetokea nini. Nilimleta kwako mbio, roho mkononi. Ukatabasamu, eti habari ya moto haingoji ubongo. Uti wa mgongo huamua papo hapo, ubongo ukapewa taarifa baadaye. Daktari, dukani kwangu mtu hagusi hata hanga bila kuniuliza! Mama alilipenda sana somo hilo. Siku hizi yeye huamua, mimi napewa taarifa baadaye. Ameshanihamisha kutoka meza ya dirishani hadi kwenye kamba za kuanikia, na wateja wanasema kola zimenyooka zaidi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama haniiti jina langu. Ananiita Pasi. Ulinieleza kwamba seli zinazowaka pamoja mara kwa mara hushikana, na kwa kuwa miaka yote alitaja jina langu na kuuliza kama pasi imepata moto kwa pumzi moja, njia ya jina ilipoporomoka akapita kwa jirani. Maelezo mazuri. Lakini wateja wamelidaka. Mke wangu kalidaka. Juzi mwenye nyumba ameniita Bwana Pasi, wala hakucheka. Daktari, jina lile alinipa yeye mwenyewe. Amekumbuka kunisimanga, amekumbuka dirisha nililovunja nikiwa darasa la pili, lakini jina la mwanawe wa pekee limebaki njiani. Kila asubuhi namsogelea sikioni namtamkia polepole. Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Kwa hiyo naomba seli zake zenye bidii zipewe likizo mara moja, meza ya dirishani irudi kwa mwenyewe, na juhudi zote zielekezwe kwenye jina langu. Ikishindikana, niandikiwe cheti chenye mhuri kuthibitisha kwamba mimi si pasi.

Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi wa getini aliyetusaidia kumshusha mama. Mke wangu anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na anasema ulete hilo koti lako jeupe, kola yake imemkera tangu siku ya kwanza.

Ni mimi, wako kwenye kamba,
Dobi wa nyuma ya shule

Nyongeza: Nilikuwa nabandika stempu, mama akaita jina langu. Lote, sawasawa, bila kusitasita. Mke wangu anasema aliita tena, na tena. Mimi nikaendelea na stempu yangu nikidhani anaitwa mteja. Ikabidi apaze sauti, "We Pasi!", ndipo nikageuka na kuitika, "Naam, mama." Alicheka mpaka akaangusha shati, kisha akainama akaliokota kwa mkono wa kulia. Malalamiko yote nayafuta. Nipangie miadi, Daktari, safari hii ni ya kwangu. Soksi tunayo.