Kitabu Kilichotakiwa Kuleta Jogoo

Ijumaa, 1 Pagume

Pagume, mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu, umeingia. Siku tano tu, na hakuna mwajiri Addis Ababa anayezilipa. Mshahara ni wa miezi kumi na miwili. Pagume mtu hufanya kazi ya Mungu. Wafanyakazi wananung'unika, hata Yeshi, mke wangu, ambaye yuko posta. Nawacheka. Mimi ni mwandishi. Kwangu kila mwezi ni Pagume.

Naandika masharti hapa yasije yakapindishwa. Jana shemeji Shiferaw, kaka yake Yeshi, alikula kwetu akauliza kama kitabu changu kimewahi kuleta hata kitunguu. Wote wakacheka. Nikapandwa na mori. Nikatamka kwamba kitabu hicho, Mjane wa Bonde, kitaleta jogoo wa sikukuu humu ndani kabla ya Mwaka Mpya! Shiferaw akanyoosha mkono papo hapo. Kisipoleta, tarehe tatu Meskerem, mwezi wa kwanza, naanza kazi kwenye stoo yake ya nafaka kule soko la Merkato, kupima teff tangu alfajiri mpaka giza. Na kuandika ndiyo basi. Nikampa mkono. Jirani yetu Emama Ayelech ni shahidi, na mama huyo hasahau kitu. Yeshi alikuwa anaangalia sahani.

Hali ya mali: nakala mia mbili na sitini chini ya kitanda. Tuseme kweli, nakala ndizo kitanda.

Asubuhi nimekwenda Arat Kilo kutafuta soko. Gashe Birru, mzee anayekodisha magazeti pale ukutani, amenipokea kama bwana harusi. Akanionyesha hazina yake: Mjane wa Bonde! Nakala moja. Aliinunua kwangu miaka miwili iliyopita (nikampunguzia bei), akaivika nailoni, na tangu siku hiyo anaikodisha kwa saa. Watu wanaipangia foleni. Amesema kwa fahari kwamba mtaa mzima umenisoma. Mtaa mzima, nakala moja! Nikaomba niishike. Akasema nikae, nijisikie nyumbani, ila nusu saa ina bei yake. Akinipa mimi bure, wengine watasemaje? Nimelipa. Nimekodi kitabu changu mwenyewe.

Pembeni mwa ukurasa wa arobaini mtu ameandika kwa penseli kwamba mwandishi huyu hajawahi kupanda farasi. Kweli sijawahi. Lakini kajuaje?

Jumamosi, 2 Pagume

Mpango! Umenijia nikiwa napiga mswaki.

Hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya sura ya kwanza. Sura ya mwisho ndiyo mali. Basi nimekodi tena, saa nzima, wembe ndani ya soksi. Nikakata kurasa kumi na moja za mwisho, polepole, nikikohoa kila nikikata. Mahali pake nikabandika karatasi: mwisho unapatikana kwa mwandishi, geti la bluu nyuma ya kinu. Nikarudi nyumbani, nikapanga nakala mlangoni, nikavaa koti.

Mpaka saa nane hakuja mtu. Saa tisa alikuja mmoja, akaulizia choo.

Nikaenda kupeleleza. Pale ukutani watu kama ishirini wamemzunguka Ato Lemma, mwalimu mstaafu aliyekikodi kitabu siku nyingi zilizopita. Anawasimulia mwisho kwa mdomo! Bure! Na wala si mwisho wangu. Kwangu mimi mjane anazama mtoni. Kwake yeye anavuka, anafungua kinu, anaolewa na mpimaji wa ardhi. Mpimaji gani wa ardhi? Hayumo kitabuni! Watu wakapiga makofi. Mama mmoja alinitambua, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwokoa yule mwanamke. Nikasema karibu tena.

Gashe Birru ameliona pengo. Hakufoka. Amesema kitabu kisicho na mwisho kina faida, watu wanakaa muda mrefu zaidi wakiutafuta. Amepandisha kodi.

Jumapili, 3 Pagume

Siku ya Mtakatifu Rufaeli. Mvua ya leo ina baraka. Watoto huiogea uani, akina mama hutega vyungu wapate maji ya kutia kwenye unga wa sikukuu. Emama Ayelech huweka chupa nzima kwa ajili ya magoti yake.

Mpango wa pili ulijileta wenyewe. Nitandaze nakala arobaini uani, zipate matone mawili matatu, si zaidi, kisha nikaziuze mlangoni mwa kanisa. Kitabu kilichoguswa na Rufaeli! Nani atathubutu kuomba punguzo?

Saa nane hakuna wingu. Nikatandaza. Emama Ayelech akaniita kwenye kahawa. Nikaenda kwa dakika tano tu. Kikombe cha kwanza, jua. Cha pili, tone. Tone jingine. Safi kabisa, kama nilivyoagiza! Nikainuka. Emama Ayelech akauliza naenda wapi. Cha tatu ndicho cha baraka, na mtu haondoki kabla ya cha tatu labda awe amefiwa. Nikamwambia mama, vitabu vyangu viko nje. "Mwanangu," akasema, "unaikimbia baraka ukafuate makaratasi?" Wote wakanitazama. Nikakaa. Mvua ikashuka kama imemwagwa kwa karai. Mkaa ukapata unyevu, ukagoma kushika. Kikombe cha tatu kimechukua dakika arobaini.

Vitabu vimeumuka kama mikate. Yeshi alikuwa ameshatoka mbio mvuani, shuka lake jeupe la kanisani kichwani, anaviokota. Tumevianika kwenye kamba ya nguo, kimoja kimoja, kwa vibanio. Hakunigombeza. Ameuliza tu kama mjane bado anazama. Nikamwambia katika nakala hizi, hana pa kupona. Tumecheka mpaka Emama Ayelech akachungulia dirishani.

Jumatatu, 4 Pagume

Nimeamka na hasira. Nikaipeleka kwa mwenye nayo.

Assegid! Mchana anauza viatu Piassa. Jioni anasoma riwaya za watu mbele ya simu yake, kwa sauti nzito ya kubembeleza, na watu elfu thelathini wanamsikiliza. Kitabu changu amefika sura ya tisa. Hajaniomba ruhusa hata kwa kukonyeza. Njiani nilifanya mazoezi: mwizi, kasuku, kupe. Nikaamua kuanza na kupe.

Nimemkuta amepiga magoti anamvisha mteja kiatu. Aliponitambua akaanza kulia. Kweli! Machozi, na kiatu mkononi. Akasema ananitafuta mwezi wa tatu sasa. Mama yake haoni, na tangu wafiwe hakuwahi kucheka, mpaka aliposomewa mjane anavyogombana na punda. Nikajikaza. Nikauliza anapata nini kwa hao elfu thelathini. Akasema mioyo. Wanamtumia vimioyo vyekundu kwenye simu. Basi! Kupe mwenyewe ana njaa.

Kisha akanisomea sura ya tisa, pale pale kati ya maboksi. Sikujua kama niliandika vile. Nikalia mimi, akalia yeye. Tulipofuta macho mteja hayupo, na viatu havipo.

Nilikwenda kudai fidia. Nimerudi nimemwachia zile kurasa kumi na moja za mwisho. Maskini, huwa anakodi nakala ya Gashe Birru, na tunajua nani aliikata.

Yeshi karudi jioni kwenye pikapu ya Shiferaw, viatu vina tope la soko. Alifuata viungo, kasema. Shiferaw akaniuliza navaa ovaroli saizi gani. Nikamjibu saizi ya mtu anayekula jogoo. Akacheka mpaka akashika usukani.

Jumanne, 5 Pagume

Mkesha. Jogoo wanapita barabarani chini ya makwapa ya watu, kila kwapa ila langu.

Mpango wa mwisho ni biashara ya mababu: kitabu kwa jogoo, mkono kwa mkono. Nimebeba nakala kumi zilizokauka mpaka soko la kuku. Muuzaji wa kwanza ameuliza kama karatasi inafaa kufungia pilipili. Wa pili amekipima mkononi, akasema kifaranga kina uzito kuliko hiki. Wa tatu amenihurumia. Amesema mjukuu wake anacho kwenye simu, bure, nikitaka anitumie.

Nikageuka nirudi. Sitaficha kitu kwenye shajara yangu: stoo iliniogopesha. Si kwamba naidharau kazi ya stoo. Niliifanya mwaka juzi, miezi miwili, na haikuniua. Nilikuwa nawaza kitabu cha pili. Kimefika kurasa sitini, na duniani hakuna mtu mwingine anayejua kinakoelekea. Hata mimi sina hakika, lakini ninayekitafuta ni mimi peke yangu.

Ndipo mama mmoja muuzaji akaniita kwa sauti ya kupasua soko. "We mwembamba wa koti la kahawia! Si wewe mwandishi wa yule mjane?"

Nikaangalia nyuma nione kama yupo mwembamba mwingine. Hayupo. Akasema kisa changu kimemchoma moyo, kwamba hapiti siku hajamtaja mjane, na akaninyooshea jogoo mwekundu mkubwa, upanga wake wa kichwani umekatika nusu. Nikamwambia mama, sina pesa. Akasema nani ametaja pesa? Nikamsukumia nakala. Akakataa. Nikamsukumia tena. Akaipokea kwa mikono miwili na kuifungua juu chini, kwa heshima kubwa, akatikisa kichwa kwa huzuni mahali ambapo hapana huzuni yoyote.

Nimelipwa! Miaka kumi na miwili ya kuandika, na leo nimelipwa kitu kinachopumua. Nilimkumbatia njia nzima. Ameninyea koti. Sikujali.

Nyumbani nimemkuta Yeshi amekwishamenya vitunguu kilo tatu, na siagi ya viungo imeyeyushwa. Kabla hata hajamwona jogoo! Imani ya mwanamke huyu inanitisha.

Jumatano, 1 Meskerem

Mwaka Mpya! Majani mabichi sakafuni, maua ya njano mlangoni. Wasichana wamekuja na ngoma getini, wameimba wimbo ule ule ambao nchi nzima inaujua kwa moyo, na kila nyumba imewapa kitu. Hakuna aliyewaambia kwamba wimbo huo anao tayari kwenye simu. Wana siri gani?

Jogoo yu hai, amefungwa mguu kwenye nguzo ya uani. Jumatano ni mfungo, na Emama Ayelech amesema mwaka unaweza kuwa mpya lakini Jumatano ni ile ile. Jogoo tutamla kesho. Leo ni mchuzi wa dengu, nami nimeshinda nimekaa karibu naye, mguu juu ya mguu.

Saa sita akaja Shiferaw kuthibitisha. Nikamwonyesha kwa kidole, bila neno. Akainama, akamgeuza jogoo kichwa, uso ukamchangamka.

"Ala! Yeshi, si ndiye huyu tuliyemnunua juzi? Huyu huyu wa upanga nusu! Kumbe yule mama alikuwekea kweli mpaka jana?"

Emama Ayelech alishikilia kikombe hewani.

Shiferaw akaelewa kabla yangu. Juzi Yeshi alimwambia jogoo ni wa jirani, naye akapigania bei kama simba, na ilipokwama akaongeza birr mia mbili zake ili waondoke. Akakaa kwenye kigoda polepole. "Yaani nimejitia kitanzi mwenyewe," akasema, "na kamba nikanunua mimi."

Yeshi hakuona haya hata kidogo. Akasema ndiyo, amelipa yeye, kwa akiba yake, na ni yeye aliyempa yule mama maelezo ya koti na ya mwandishi. Akamgeukia kaka yake. Akamkumbusha ile miezi miwili ya mwaka juzi. Nilikuwa narudi, nanawa, nakula, nalala. "Hakuna aliyeongea humu ndani, kaka. Hakuna aliyeniuliza usiku punda aitwe nani. Mshahara wangu unatosha injera. Ule ukimya ndio siuwezi." Akasema mjane kamsoma mara nne, na kama mtu amesoma mara nne, kosa liko wapi akilipa? Nampenda mwanamke huyu kiasi kwamba nilishindwa kumwambia mbele ya watu, kwa hiyo naandika hapa.

Shiferaw akatazama jogoo, akamtazama dada yake, akatangaza kwamba nafasi ya stoo imejaa. Imejaa saa ngapi? Imejaa tu. Kisha akaomba nakala, angalau aone kilichomgharimu mia mbili. Alifungua mkoba kulipa. Nikamzuia. Shemeji, Mwaka Mpya! Nikampa bure. Nikampa mbili.

Sasa wameondoka, Yeshi anasinzia kwenye kiti, na mimi nimekaa na kalamu kulipima jambo hili bila hisia. Je, jogoo yumo nyumbani? Yumo. Amefuata kitabu? Amefuata kitabu. Amelipiwa na nani? Na msomaji. Msomaji halisi, aliyesoma mara nne na kulipa bei kamili pasipo kusukumwa. Basi soko lipo! Nimelitafuta Arat Kilo nzima, kumbe limekaa jikoni kwangu linamenya vitunguu. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilitaka kitu kidogo. Kitabu cha pili nitakiongeza kurasa mia. Pasaka huliwa kondoo, na Yeshi bado hajajua kwamba anakisubiri kwa hamu.