Mteremko Uliopanda

Leo nimeaibika. Si aibu ya kujikwaa ukumbini watu wakajifanya hawakuona. Ni aibu ya kilomita sita, mbele ya watu watatu, na mmoja wao alikuwa na mkataba wa kitabu changu mkobani.

Wenzangu, nawaandikia kutoka chumba cha kompyuta cha chuo, hapa Brussels. Mapaja yananitetemeka chini ya meza. Chumba kinafungwa saa moja jioni, na sijui nitainukaje.

Mnaikumbuka riwaya yangu, ile ya kurasa mia nne. Madame Odile, mwenye ofisi ndogo ya uchapishaji karibu na uwanja wa Flagey, aliikataa miezi minne iliyopita. Aliikataa kwa upole. Alisema watu wangu hawana uhai, ila milima yangu inapumua. Kisha akaniuliza kama naendesha baiskeli. Yeye huchapa vijitabu vya safari, na alikuwa akitafuta mtu wa kuandika njia tisa za baiskeli kwenye vilima na misitu ya Ardennes, upande wa Ufaransa. Kijitabu kikiuzika, atairudia riwaya na kuisoma upya.

"Unaijua Ardennes?" akauliza.

"Naijua nje ndani," nikajibu. (Nje niliiona mara moja, kupitia dirisha la treni. Ndani sikuwahi kufika.)

Njia zote tisa niliziandikia maktabani. Nilikuwa na ramani ya barabara, penseli, na uzi nilioufumua kwenye sweta langu, wa kupimia mikunjo ya barabara. Kwenye vilima, wachora ramani wameweka vishale vidogo juu ya barabara: kimoja, viwili, au vitatu. Pembeni kuna kisanduku kinachoeleza maana ya alama. Sikukisoma. (Mimi ni mwandishi wa riwaya. Alama huwa nazihisi.) Nikahisi kwamba kishale kinaelekeza kule ambako baiskeli inakwenda yenyewe, kama maji. Vishale vitatu basi ni mteremko wa kukutoa machozi. Nikaandika hivyo njia zote tisa, na niliandika vizuri, sitawaficha. Nilipojisomea nilisisimka.

Wiki iliyopita Madame Odile akanijulisha desturi yake. Kabla ya kutia saini, hupita njia moja pamoja na mwandishi. Jumamosi, njia ya kwanza.

Baiskeli sina. Nikaenda Anderlecht kwa Papa Saidi, mzee wa Buyenzi, Bujumbura, anayetengeneza baiskeli kwenye gereji iliyo chini ya nyumba yao. Ujanani alikuwa akiteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, juu kabisa milimani, hadi sokoni Bujumbura. Wakati wa kurudi yeye na wenzake walikuwa wakijishika nyuma ya malori, lori likiwavuta hadi juu. Akasema baiskeli yake haitoki peke yake, kwa hiyo naye atakuja. Jirani yake, Maman Béa wa Bukavu, anayehudumia wazee, akasema ana kamioneti, gari dogo la mizigo, na hana zamu. Alikuwa amesikia habari za mteremko wangu. Alitaka kuuona.

Leo saa kumi na mbili asubuhi tukakutana kituo cha treni cha Gare du Midi. Madame Odile ana miaka sitini na tatu, na mashavu ya miguu yake ni kama kamba zilizosokotwa. Tukapakia baiskeli tatu, mandazi ya Maman Béa, dumu la maji na mkoba wangu. Njia nzima nilizungumza juu ya misonobari.

Tulishukia kando ya mto Meuse. Maji yalikuwa mazito na meusi, ukungu umelala juu yake. Madame Odile akaubana mswada wangu kwenye usukani wa baiskeli yake, ndani ya mfuko wa plastiki, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya treni:

"'Uache mto nyuma yako, kisha achia breki. Kwa kilomita sita hutakanyaga pedali.'"

Papa Saidi akautazama mto. Akaitazama barabara. Akaufuata mlima kwa macho mpaka shingo ikakataa.

"Mwandishi," akasema, "mto si huu hapa?"

"Ndiyo, Papa."

"Maji yote ya hapa yanashukia humu?"

"Ndiyo, Papa."

"Bon. Sasa sisi tunashuka tunaenda wapi?"

Nikamwambia tusubiri kona ya kwanza. (Kwenye riwaya, kona imeniokoa mara nyingi.)

Kona ya kwanza ilipanda. Ya pili ilipanda zaidi. Kwenye ya tatu nilishuka, nikaanza kuisukuma baiskeli kama mtu anayempeleka ng'ombe asiyetaka kuuzwa. Madame Odile alikuwa mbele yangu kidogo, anakanyaga polepole bila kuhema, na kila tulipofika mahali nilipopaeleza, alisoma. Alisoma kwamba hapa mwili unakuwa mwepesi. Alisoma kwamba hapa miti inakimbia pande zote mbili. Miti ilikuwa imesimama. Niliweza kuhesabu magome yake. Hakuna mahali alipocheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa akihariri.

Kilomita ya nne, Maman Béa akatupita taratibu, gari likiunguruma gia ya kwanza. Papa Saidi aliunyoosha mkono wa kushoto, akashika chuma cha nyuma ya gari kama mtu anayemshika mkono rafiki wa zamani, akaanza kupanda mlima akiwa ametulia kitini. Akaniita, "Panda, shika upande ule."

Nikaruka juu ya baiskeli, nikakanyaga kwa nguvu zangu za mwisho, nikashika. Yeye alishika chuma. Mimi nilishika kitasa cha mlango wa nyuma.

Mlango ukafunguka.

Mimi nikaenda mtaroni, kwenye majani yaliyolowa. Dumu likanifuata. Mandazi yakamwagika barabarani na kuanza kubingirika kuelekea mtoni, mepesi, bila breki, kona kwa kona. Mandazi ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kuufaidi mteremko wangu.

Mkoba wangu nao ukaanguka na kupasuka zipu. Ramani ikatoka, ikajitandaza mbele ya gurudumu la Madame Odile. (Katika lami yote ya Ufaransa, ikachagua hapo.)

Maman Béa alisimamisha gari, akaja, akanipapasa mikono na miguu kama anavyowapapasa wazee wake wakianguka. "Mutoto, uko muzima?" Nikasema mzima. Akatazama juu, akatazama chini. "Alors, ile mushuko yako iko wapi?"

Madame Odile alikuwa ameinama juu ya ramani. Uzi wa sweta ulikuwa bado umebandikwa kwa utepe juu ya njia ya kwanza. Pembeni ya vishale vitatu nilikuwa nimeandika kwa penseli: hapa msomaji atalia kwa furaha.

"Umepita hapa mara ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nimelala chali mtaroni. Hiyo si hali ya kumdanganya mtu.

"Kwa kidole, mara tisa. Kwa baiskeli, leo."

Nikasikia zipu ya mkoba wake ikifungwa, na mkataba ulikuwa humo ndani.

Papa Saidi akavaa miwani, akaiokota ramani, akasoma kile kisanduku cha pembeni. Alikisoma chote, hata alama za makanisa. Kisha akaomba mswada, akaupitia karatasi moja moja, kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Tulimngoja.

"Madame," akasema, "kishale kinaonyesha upande ambako barabara inapanda. Huyu kijana amekigeuza. Lakini njia ni nzuri. Ameianzia mwisho tu."

Madame Odile akasema tufike juu, tugeuke, aone.

Nilifika juu kwa miguu. Tukageuka. Papa Saidi akaniambia nisibane breki kama mtu aliyeshika nyoka, niguse na kuachia, niguse na kuachia. Nikaachia.

Wenzangu, sikuwa najua. Miti ilikimbia kweli. Msitu ulifunguka na kufungika kama mtu anayepepesa macho, mto ukang'aa chini, ukapotea, ukang'aa tena, na mapaa ya mawe meusi ya kijiji yakaja juu kunipokea. Machozi yalinitoka, ila si ya furaha. Ni baridi. Vidole vilikufa ganzi, masikio yakaungua, meno yakaniuma. Katika njia tisa nilizoandika hakuna baridi hata moja. Maktaba ina joto.

Kando ya mto Madame Odile aliisoma tena ile sentensi ya kilomita sita, kimyakimya safari hii. "Sentensi ni za kweli," akasema. "Mwongo ni mwandishi."

Akafungua mkoba. Kwa kalamu yake akaongeza kifungu chini ya mkataba: kila njia itaandikwa upya kuanzia upande unaofaa, mwandishi ataipita kwa baiskeli, na Papa Saidi atatia saini kwamba amemwona. Akaongeza maneno mawili pembeni: weka baridi. Mimi nikatia sahihi, na kwa jinsi vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi, inafanana na barabara ya mlimani. Yeye hakutia. Atatia nikishamaliza ya tisa.

Papa Saidi alikuwa akifuta mnyororo wa baiskeli. "Kwetu," akasema bila kuinua kichwa, "walioteremka bila kupanda ni ndizi tu."

Maman Béa ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka Brussels. Mandazi yake manne tuliyakuta ukingoni mwa mto, yametangulia.

Njia zimebaki nane. Naomba msicheke. Atakayecheka, Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi, Gare du Midi, aje na baiskeli yake.