Bata Mzinga, Mlingoti na Sikio Langu la Kulia

Jumapili, 31 Mei 2015

Mlingoti umesimama mbele ya kanisa. Mita thelathini! Mimi, Eleuterio Santes, kiongozi wa warukaji, wale wanaojirusha kwa kamba kutoka kileleni mwa mlingoti, hapa Papantla kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyefukia tambiko shimoni kabla haujasimikwa: tumbaku, pombe ya miwa, tamale za unga wa mahindi, na bata mzinga aliye hai ndani ya gunia. Ndivyo watu wanavyojua. Kumbe ndani ya gunia hilo alikuwemo kuku wa mke wangu Obdulia, yule aliyeacha kutaga.

Bata mzinga nimemla mwenyewe, nimechuchumaa stoo chini ya rafu ya mahindi. Nilikuwa kwenye paja la pili Obdulia alipofungua mlango. Nikainuka ghafla, nikagonga kichwa kwenye rafu. Nikaona nyota. Nikamwambia nawinda panya. Akauliza mbona mdomo unang'aa mafuta. Jasho, nikasema.

Jumatatu, 1 Juni

Nimegeukia kulia kitandani na nyumba nzima ikazunguka. Nikashika godoro kwa mikono miwili. Nusu dakika, kisha ikatulia. Nikainama kuvaa viatu. Tena!

Najua ni nini. Mlingoti umegundua ni kuku.

Alhamisi ni sikukuu ya Mwili wa Kristo. Wenzangu wanne watajifunga kamba na kujirusha chini. Mimi hubaki kileleni bila kamba, nimesimama juu ya kigogo kisichozidi sinia, nikicheza na kupiga filimbi na kigoma. Kisha hujipinda nyuma kulisalimu jua. Nikijipinda dunia ikazunguka, nimekwisha. Nina watoto watatu. Naogopa, nakiri.

Lakini nikisema, atapanda Fidencio. Huyu ni binamu yangu, na huijaribu kofia yangu nikiwa sipo. Nimekuta nywele zake humo.

Jumanne, 2 Juni

Mpango wa kwanza: kuomba radhi. Saa saba mchana, watu wakila, nimemwaga chupa nzima ya pombe kwenye shina la mlingoti na kunong'ona maneno ya toba. Kugeuka, Fidencio huyo nyuma yangu. "Binamu, unauongelesha mti au mti ndio unakuongelesha?" Nikasema nakagua kama uko imara. Akasema mti uko imara, anayeyumba ni mimi.

Mpango wa pili: nimewatangazia wenzangu kwamba mwaka huu kiongozi hajipindi, anainamisha kichwa kidogo tu. Mtindo wa kale, umesahaulika, nilifundishwa na babu. Mzee mmoja kwenye benchi akasema ajabu, yeye hakuwahi kuuona. Huyo mzee ni mdogo wake babu. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Jumatano, 3 Juni

Obdulia ameniona nikikumbatia mlango wa choo. Amenikokota hadi zahanati. Daktari Nereida ni binti mdogo, viatu vyangu vimemzidi umri. Amenilaza, akanigeuza uso kulia, akakiacha kichwa kining'inie ukingoni mwa kitanda. Dunia ikazunguka! Yeye akanikodolea macho, akasema, "Tulia mzee wangu, macho yako yanacheza, yananiambia kila kitu."

Kumbe ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda, imejaa maji. Maji yakisogea, sikio linauambia ubongo kichwa kimegeuka. Jirani na mirija hiyo kuna vijiwe vidogo kama vumbi la chokaa, vimekaa kitandani pao. Vyangu vimeng'oka, vimeingia kwenye mrija, vinayasukuma maji, na sikio linadanganya kwamba nazunguka.

Akauliza kama nimegonga kichwa karibuni. Hapana, nikasema. Obdulia akasema ndiyo, akiwinda panya.

Basi akanigeuza kichwa kushoto, akanilaza ubavu, pua ikielekea sakafuni, akaniketisha. Amevirudisha vijiwe kama anayeviringisha gololi kwenye bomba. Nikaangalia dari. Dari imetulia! Nimelia mbele ya wanawake wawili na sijali. Leo nisipande, kesho asubuhi atanipima tena. Na nisigonge kichwa tena, amesema mara mbili.

Alhamisi, 4 Juni

Nimepimwa, niko salama. Nimepanda. Nikajipinda nyuma mpaka kofia ikatazama ardhi, na mbingu ikabaki mahali pake, buluu, haitikisiki. Sijawahi kupiga filimbi vile. Wenzangu wakashuka mizunguko yao kumi na mitatu, na mimi kule juu nacheka peke yangu.

Chini, Obdulia alinikumbatia hadi mbavu zikauma. Fidencio alisema aliniombea. Sikumuuliza aliomba nini. Mwandaaji wa sikukuu akanikabidhi paja kubwa la bata mzinga ndani ya jani la mgomba, tugawane watano.

Ijumaa, 5 Juni

Nimetafakari. Mlingoti haukuwa na kinyongo nami hata chembe. Ni vijiwe tu. Maana yake kuku alikubaliwa! Mwakani nitajaribu yai.

Wenzangu nimewaambia paja limeibwa na mbwa. Fidencio amemkimbiza mbwa wa watu soko zima, maskini.

Naandika haya stoo, nimechuchumaa chini ya rafu ya mahindi. Paja bado laini. Mwili mwepesi, kichwa kimetulia, sina wasiwasi wowote duniani.

Mlango unafunguka. Obdulia. Ngoja niinuke upesi