Jua la Mtaa Mzima kwenye Paa la Noreen

Mtaa wa Poinsiana,
Mackay, Queensland.

Mheshimiwa Diwani,

YAH: JIRANI YANGU KUJICHUKULIA JUA LA WATU

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni Clive Haddow, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu nisiye na makuu. Ninamlalamikia jirani yangu, Bi Noreen Galea, mjane, aliyefunika paa lake lote kwa paneli za sola kana kwamba jua aliachiwa na marehemu mumewe.

1. Jua ni la wote. Linachomoza upande wangu, linapita juu ya nyumba yangu bila hata kusimama, na likifika kwake linakamatwa. Nilimweleza hivyo pale kwenye uzio, kwa adabu. Akanijibu, "Clive, si bado linakuunguza kipara? Basi limebaki la kutosha." Halmashauri iyapime maneno hayo, kwa mtu wa umri wangu.

2. Anajifanya mwalimu. Sikumwuliza, akanieleza: paneli zinageuza mwanga kuwa umeme, kisanduku cha ukutani, inveta, kinaufanya ufae kwa matumizi ya nyumbani, unaozidi mchana unaingia kwenye betri kwa ajili ya usiku, betri ikijaa, unaosalia anaiuzia kampuni ya umeme. Yaani mwanamke anakunywa chai barazani, paa linamfanyia kazi. Paa langu mimi halijawahi kunifanyia lolote ila kuvuja.

3. Anatuharibia soko la nyumba. Dalali alipita mtaani akasema nyumba ya Noreen itagombaniwa, kwa kuwa mnunuzi hatatishwa na bili. Nikamwuliza, na yangu? Akasifu nyasi.

4. Kiburi wakati wa maafa. Kimbunga kilipoangusha nguzo, mtaa wote ulikuwa giza isipokuwa kwake, maana mafundi walimfungia kifaa cha kuitenga nyumba na laini ya umeme iliyokufa, betri ikaendelea kuilisha. Ana feni, ana friji, ana oveni. Akawa anapita na pastizi za jibini, aina ya sambusa za kuoka, za moto, akigawia majirani. Nilikataa. Baadaye nikala, nisije nikaonekana nina kinyongo.

5. Hili ndilo zito. Mke wangu, Glenys, ana mapafu mabovu na hupumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ulipokatika tukatumia mtungi wa akiba, nao ukawa unaishia, na barabara ya hospitali imefunikwa na maji. Nilikaa kitandani nimemshika mkono, midomo yake inabadilika rangi. Noreen hakubisha hodi. Alivunja ubao wa uzio wangu kwa nyundo, bila kibali chochote, akapitisha waya mrefu na kuuingiza dirishani kwangu.

"Chomeka, Clive," akasema. "Kulia utalia baadaye."

Sikuwa nalia. Yalikuwa maji ya mvua, ingawa nilikuwa ndani.

Kwa sababu hizo naiomba Halmashauri imwamuru Bi Galea ashushe nusu ya paneli zake, au jua ligawanywe kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na uvunjaji wa uzio uchunguzwe na mkaguzi mwenye cheo.

Wasalimie madiwani wenzako, yule dada wa mapokezi, na vijana wa kuzibua mifereji. Glenys naye anakusalimu. Amesema niandike kwamba hakubaliani na sentensi hata moja.

Ni mimi, mwenye paa tupu na haki kamili,

Clive Haddow

N.B. Umeme wa mtaa bado haujarudi. Mkaguzi wako akija, tafadhali asiuguse ule waya wa rangi ya chungwa, na aingie taratibu. Noreen amekesha na Glenys, ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi kwenye kiti changu.